Mashua ya Mwinyimvua

Tangu moshi ulipoonekana ng'ambo ya mto, Mwantum hakuweza kukaa mahali pamoja. Alifagia ua aliokwisha kuufagia. Aliingia ndani, akafungua kasha la vitabu vya baba yake, akalifunga bila kutoa kitu. Akatoka tena mpaka mwisho wa migomba, mahali ambapo mtu akisimama huiona njia yote inayotoka Mohoro kwenye boma la Wadachi. Njia ilikuwa tupu kama jana.

"Mwantum, utanitia kizunguzungu," alisema mama yake, Bi Tabu, aliyekuwa amelala kitandani barazani. Mguu wake ulikuwa umevimba tangu masika, na hakuweza kwenda hatua mbili bila kushikwa. "Hata ukiikodolea macho hivyo, haitakuletea mtu."

"Natazamia mashua za serikali, mama."

"Mashua siku hizi hupita njiani?"

Mwantum aliuchukua ufagio tena.

Ruaruke nzima ilikuwa katika hali hiyo. Huko kusini Wamatumbi walikuwa wameng'oa pamba ya serikali na kupiga ngoma ya vita, na mji wa Samanga ulikuwa umechomwa. Wapiganaji walisemwa wako karibu, nao wakifika wangetaka kila mwanamume anywe maji ya dawa na kuwafuata. Na askari wa boma wangekuja nyuma yao, na hao hawakuuliza nani kanywa na nani hakunywa. Walichoma nyumba na mpunga ghalani. Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu, visiwani, kule mikokoni, ambako jeshi la miguu halifiki. Lakini mitumbwi ya kijiji ilikuwa imechukuliwa na boma kuvushia askari.

Ahadi zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwa Bashiru, karani wa boma, kwamba serikali italeta mashua kuwahamisha waliolipa kodi. Ya pili ilitoka kwa Mwinyimvua, mfanyabiashara wa boriti, kwamba mashua yake mwenyewe itawachukua wote, pamoja na mchele wake, bila malipo. Wazee walikuwa wamegawanyika. Nusu walisema wangoje mashua za serikali, maana kuipokea ihsani ya mtu mmoja ni kujifunga kwake maisha. Nusu walisema aliye karibu ndiye wa kushukuriwa.

Mwantum alijua kwamba ihsani ile ingemfunga mtu mmoja kuliko wote, naye ni yeye. Mwinyimvua alikuwa ameleta posa.

*

Bashiru alikuwa mtu wa kijiji cha Mkongo, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesomeshwa shule ya serikali na kupewa kazi ya ukarani Mohoro. Alikuja Ruaruke mara ya kwanza kwa ajili ya vitabu. Alikuwa amesikia kwamba Mwalimu Mshamu, baba yake Mwantum, ana tenzi nyingi zilizonakiliwa kwa mkono, naye alikuja kuazima mmoja. Mwalimu alimtolea ule uliokuwa juu.

"Baba," Mwantum alisema kutoka nyuma ya pazia, "mwambie asichukue huo. Mtunzi wake anajisifu mno kabla hajaianza hadithi. Achukue ule wenye jalada la ngozi, wa mwanamke aliyeuza vikuku vyake kumkomboa ndugu yake."

Mwalimu alikunja uso, lakini aliutoa. Bashiru aliuchukua kwa mikono miwili.

Alipourudisha, alisema kwa sauti ya kufika ndani: "Mwalimu, mwambie aliyenichagulia kwamba nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma polepole, ili usiishe."

Mwantum alikuwa amekaa na sindano mkononi. Hakushona tena alasiri ile.

Baada ya hapo hakuja mikono mitupu. Katika gazeti lililotoka Dar es Salaam kulikuwa na hadithi ya msichana wa Pangani aliyeolewa na nahodha, ikitolewa vipande vipande. Mwantum hakujua herufi za Kizungu. Bashiru aliinakili yote kwa herufi za Kiarabu, kipande kwa kipande, akawa anampa Bi Tabu, naye akiiingiza ndani huku akijidai hajui ni kitu gani. Mwantum alikuwa akirudisha jibu kwa mdomo. "Mwambie nahodha huyo hafai. Mwambie anitafutie hadithi ambayo mwanamume anarudi nyumbani."

"Mwambie nitaitafuta," Bashiru alikuwa akijibu, naye akiliangalia pazia kama kwamba linaona.

Siku waliyokutana Bashiru na Mwinyimvua barazani kwa Mwalimu ndipo pazia lilipokuwa jembamba mno. Mazungumzo yalikuwa ya kisima. Mwinyimvua alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Kisima cha kijiji alikichimba yeye, na mapaa ya chuo cha Mwalimu aliyaezeka yeye.

"Nyinyi wa boma mnakusanya kodi kila mwaka," alimwambia Bashiru bila hasira. "Nionyeshe serikali ilichokitumia hapa Ruaruke. Mimi mtu mmoja nimechimba kisima. Fedha ikibaki mfukoni mwa mwenyewe, atawafaa jirani zake. Ikienda bomani, haionekani tena."

"Kisima ni kizuri, bwana, na Mungu akulipe," Bashiru alisema. "Lakini ni chako. Ukigombana na mtu leo, unaweza kumkataza maji. Kisima kikichimbwa kwa fedha ya wote, hakuna wa kumkataza mwenziwe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Mimi nimemkataza nani maji?"

"Hujamkataza mtu. Nasema unaweza."

Ndipo sauti ya Mwantum ilipotoka ndani, kabla hajajizuia. "Na hiyo fedha ya wote, Bwana Bashiru, nani anayeamua itumiwe wapi?"

Mwalimu Mshamu aliinamisha kichwa kwa aibu. Bashiru alikaa akitazama mikono yake, kisha akasema kweli: "Si sisi, binti Mwalimu. Hapo umenishika."

Mwinyimvua alicheka sana, akageuka kulitazama pazia. Wiki ile ile alileta posa.

*

Siku hiyo ya moshi Bashiru alitokea adhuhuri, akiwa amevaa koti lake la kaki la bomani, limeloa jasho mpaka mgongoni. Mwantum alimwona kwanza kutoka kwenye migomba. Hakuna mashua iliyokuwa nyuma yake, wala mtu mwingine. Alikimbia kumlaki, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walisimama uso kwa uso pasipo kitu katikati.

Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na yalimtazama Mwantum kama mtu anayesoma jambo analoogopa litaisha.

"Ziko wapi?" Mwantum aliuliza.

"Haziji."

"Zimechelewa?"

"Haziji kabisa, Mwantum. Mashua zote zinabeba askari na risasi. Nilimwuliza mkubwa wa boma, akasema hakumwahidi mtu. Nilikuwapo alipoahidi. Mimi ndiye niliyetafsiri."

Mwantum alijishika kwenye mgomba. "Sasa umekuja kutuambia nini?"

"Nimekuja kuwaambia msingoje. Pandeni mashua ya Mwinyimvua leo hii, maji yakijaa."

"Mashua ya Mwinyimvua." Alilirudia jina hilo taratibu. "Unajua baba kamwambia nini? Kamwambia, tukifika salama tutalimaliza lile jambo letu. Unalijua jambo lenyewe?"

"Nalijua."

"Na umetembea kutoka Mohoro, njia imejaa watu wenye mikuki, kuja kunitia mwenyewe katika chombo chake?"

"Nimetembea ili uwe hai," Bashiru alisema. "Ningeweza kunyamaza. Mngeendelea kuzingoja mashua zangu, na posa yake isingekamilika. Nililiwaza hilo njia nzima, nisikudanganye. Lakini nimeuona moto, Mwantum. Nimepita vijiji ambavyo leo si vijiji."

Mwantum alitaka kumpiga, na alitaka kuushika uso ule wenye vumbi kwa mikono yake miwili. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Na wewe utarudi bomani?"

"Nimetoka bila ruhusa. Nikirudi nitafungwa, au zaidi."

"Na wapiganaji wakikukuta na koti hilo?"

Bashiru aliinama akalitazama koti.

Mwalimu Mshamu alikuwa amewafikia. Alikuwa mzee mkavu, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, na katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuinua sauti. "Binti yangu anasimama njiani na mwanamume," alisema, "na kijiji kinatazama."

"Nisamehe, Mwalimu. Nimekuja na habari mbaya." Bashiru akamweleza yote, bila kujitetea.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia tangu mwanzo," alisema. "Nilikwambia kwamba mtu anayekula kwa hao hawezi kuniahidi kitu, maana ahadi si yake. Hukunisikia. Watu wamekaa hapa wakingoja neno lako mpaka moshi umewafikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umewatia hatarini."

"Ndiyo. Ndiyo maana sikumtuma mtu. Nimekuja mwenyewe."

Mwalimu akageuka kwenda kuwaambia watu wafunge mizigo.

*

Alasiri maji yalijaa kijitoni. Mashua ya Mwinyimvua ilisimama kwenye matope ya bandari ndogo, magunia ya mchele yamepangwa katikati, na watu walikuwa wakiingia kwa kusukumana, kuku na mikeka mikononi. Bi Tabu alibebwa juu ya kitanda chake. Mwinyimvua mwenyewe alisimama nyuma na upondo wa kusukumia mashua mkononi, akiwaelekeza mabaharia wake na kuwapokea wazee kwa mkono. Hakumhesabia mtu fadhila yoyote. Kila alivyozidi kuwa mwema, ndivyo Mwantum alivyozidi kujiona amefungwa.

Alipofika zamu yake, alisimama majini, maji yamemfika magotini, hakupanda.

"Bwana Mwinyimvua," alisema. "Sitaki kukudanganya. Nikiingia humu, si kwamba nimeikubali posa yako. Siwezi kuikubali. Moyo wangu uko kwingine, na wewe unajua uko wapi."

Shughuli zote zilisimama. Bi Tabu alifumba macho. Mwalimu Mshamu, aliyekwisha kukaa chomboni, alishika ukingo wa mashua mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Unaniambia haya hapa?" Mwinyimvua aliuliza. "Mbele za watu?"

"Nikikwambia kule, nitakuwa nimekuibia nauli."

Mwinyimvua alipangusa uso kwa kitambaa cha begani. "Na nikisema, basi, wewe usiingie?"

"Nitabaki. Ila mama yangu mchukue, hawezi kutembea."

Mwinyimvua aliyatazama magunia, akawatazama watu, ambao wote walikuwa wakimtazama yeye. "Nilisema nawachukua watu wa Ruaruke," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Sikusema nawachagua. Ingia."

Mwantum aliingia. Kisha Mwinyimvua aliinua macho pwani, ambako Bashiru alikuwa amesimama peke yake.

"Yule siwezi. Na wala si kwa wivu, ingawa wivu ninao. Kwenye kona ya mto kuna wapiganaji wanaokagua vyombo. Wakimkuta mtu wa boma humu, watatuchoma sote."

Hakuna aliyembishia, maana ilikuwa kweli. Bashiru aliitikia kwa kichwa. "Nendeni," alisema. "Nitapita porini mpaka Mkongo, kwetu."

"Mkongo kumejaa askari," Mwantum alisema. "Bashiru, Mkongo ndiko wanakokutafuta." Alikuwa ameinuka tena, mguu mmoja ukingoni, na mama yake amemshika nguo.

Ndipo Mwalimu Mshamu aliposimama. Alishuka majini na kanzu yake, akavuka matope taratibu mpaka pale alipokuwa Bashiru. Alifungua mfuko wake wa nguo, akatoa kanzu yake ya Ijumaa, ile nyeupe iliyotiwa tarizi ya mkufu shingoni, na kofia.

"Vua koti hilo."

"Mwalimu, mtaingia hatarini kwa ajili yangu."

"Ulipokuja leo ungeweza kutudanganya ukampata binti yangu," Mwalimu alisema. "Nimekaa mle chomboni nikiliwaza hilo. Nina wanafunzi niliowafundisha miaka, na sijui ni yupi angefanya ulivyofanya. Vua."

Bashiru alilivua koti. Mwalimu alilifunga kwenye jiwe, akalitupa kwenye maji marefu. Kanzu ilimfika Bashiru juu kidogo ya vifundo vya miguu, maana Mwalimu alikuwa mfupi.

"Bwana Mwinyimvua," Mwalimu alisema walipofika kwenye mashua. "Wakiniuliza, nitawaambia ni mwanangu."

"Utaapa uongo, Mwalimu? Wewe?"

"Nitakuwa sijasema uongo. Mume wa binti yangu ni mwanangu. Nimekwisha kumkubali, na watu hawa wote wamenisikia. Yaliyobaki tutayatimiza kwa sheria tukifika nchi kavu."

Mwantum alikaa chini kwa ghafla juu ya gunia la mchele. Hakulia mpaka Bashiru alipopanda, akakaa mbali naye kama inavyopasa, upande wa pili wa wazee, akainamisha kichwa. Hapo ndipo machozi yalipomshinda, na Bi Tabu akamfunika kwa upindo wa kanga yake.

Mwinyimvua aliutia upondo matopeni, akasukuma.

*

Wapiganaji walikuwa pale pale alipowataja Mwinyimvua. Waliketi kwenye mizizi ya mikoko, watu wapatao kumi na zaidi, mabua ya mtama yamefungwa vichwani, wengine na magobori, wengine na mikuki. Mtumbwi wao ulikaa katikati ya kijito, na mashua haikuwa na pa kupita.

Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye jicho moja lililoumia. Alipanda mashuani, akapita polepole kati ya watu, akigusa magunia kwa ncha ya mkuki. Alisimama mbele ya Bashiru.

"Huyu mikono yake haijalima," alisema. "Nani huyu?"

"Mwanangu," alisema Mwalimu Mshamu.

"Sikukuuliza wewe, mzee. Nimeambiwa karani wa Mohoro katoroka kaja huku. Mrefu, mwenye sauti ndogo." Alimgusa Bashiru kidevu kwa mkuki akamwinua uso. "Sema tukusikie."

Bashiru alifungua mdomo, na Mwantum alijua kwamba hata neno moja litatosha. Lakini kijana yule alikwisha kugeuka, akamtazama mtu mnene aliyesimama nyuma na upondo.

"Wewe ndiwe mwenye chombo?"

"Ndimi."

"Wewe ni mtu wa biashara, unakwenda Mohoro. Makarani wote unawajua. Huyu unamjua?"

Mwantum alimtazama Mwinyimvua. Katika safari yote hakuwa amemtazama. Aliuona uso mpana, jasho, kitambaa begani, na macho ambayo kwa mara ya kwanza hayakuwa yakitafuta kumpendeza mtu. Neno moja tu, na Bashiru angeshuka mashuani. Wengine wangepita salama, na hakuna ambaye angemlaumu. Maji yaligonga ubavu wa mashua. Mtoto mmoja alikohoa.

"Namjua," Mwinyimvua alisema. "Ni mume wa binti Mwalimu."

Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja jina la mahali. Kijana yule alimkazia macho kwa kitambo, kisha akauondoa mkuki kidevuni mwa Bashiru, akachukua gunia moja la mchele, akashuka. Mtumbwi ulisogezwa.

Mwantum aliinuka, akaenda nyuma ya mashua akijishikilia kwenye mabega ya watu, mpaka akafika karibu na Mwinyimvua. Alitaka kumshukuru, na kila neno alilolifikiria lilikuwa dogo.

"Bwana Mwinyimvua," alianza.

"Kakae na mumeo," Mwinyimvua alisema, macho yake yako mbele kwenye maji. "Ukisimama hapa nashindwa kuona njia."

Akaukita upondo chini kwa nguvu za mikono yote miwili, na mashua ikaingia mikokoni.